Kasuku wa Mwana Hidaya na Mtama wa Sultani

Alitawala Sultani Jabiri bin Sefu katika mji wa Tandarua, na aliyetaka kujua yaliyojiri mjini humo alikwenda lango la soko kwa Mwana Hidaya, binti aliyerithi kwa babake kasuku aliyefungwa na jini mmoja aseme yote ayaonayo. Kila msikilizaji alileta konzi ya mtama, ikatiwa katika kapu moja, na ndege akala humo. Sharti la jini lilikuwa hili: akilishwa na mkono mmoja tu, hatayaona ya mwenye mkono huo wala ya watu wake.

Ukaja ukame, kapu likakauka, na kasuku akakonda hata kusimama hawezi. Sultani akamwita Hidaya.

"Wafumaji nimewapa pamba ya hazina, na wako kazini. Nawe chukua mtama ghalani mwangu."

Hidaya sharti alilijua, tena vizuri sana, lakini roho ilimwuma kumwona ndege wa babake akifa, akaupokea.

Siku saba kasuku akala akanenepa, akasimulia harusi na bei ya samli. Siku ya nane watu wakanong'ona kwamba Waziri anauza mtama wa ghala kwa mlango wa nyuma.

"Ni kweli?" Hidaya akamwuliza kasuku.

"Sioni kitu."

Hidaya akaona haya, akaenda barazani.

"Maulana, nguo ya mfumaji uliyemsaidia huvalika. Habari za ndege unayemlisha peke yako hazifai. Ukipenda kusaidia, gawa mtama huo nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iamue: itamletea kasuku konzi, au itaula wote."

"Na wakimnyima?"

"Atakufa, Maulana, nami nitamlia."

Sultani akaamuru ugawiwe. Asubuhi yake watu wakaja, wengine na punje tatu tu, na Sultani mwenyewe akaja kusikiliza. Kasuku akala, akasema mbele ya kadamnasi: "Waziri anauza ghala, na Sultani aliambiwa mara mbili, akatia pamba masikioni."

Waziri akafungwa. Sultani alikasirika siku mbili, ya tatu akaleta posa.

"Nikiwa mkeo, Maulana, kapu litakuwa lako," Hidaya akamjibu.

Akaolewa na mfumaji mmoja wa mjini, wakapata neema na watoto. Na mtawala mwenye kutaka kuambiwa kweli afanye kama Sultani Jabiri, aliyepanga foleni kila asubuhi na konzi yake. Siku moja alileta mbili, na Hidaya akamrudishia moja.