Pembe ya Ukurasa wa Tisini

Shauri Namba Moja la Bonde la Mtondoo: Kukunjwa kwa Pembe ya Ukurasa wa Tisini na Msomaji Asiyefahamika.

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, wakubwa kwa wadogo. Shauri hili lilisikilizwa na kamati, na kamati haisikii vizuri.

Hapo kale, wanyama wa bonde hilo walikuwa na kitabu kimoja na kamati mbili za kukisimamia. Kilidondoka kwenye mzigo wa mwalimu aliyekuwa akivuka mto. Kurasa mia moja na ishirini. Kilimhusu Bi Tabu, mfinyanzi, aliyebeba chungu kichwani kumpelekea dada yake waliyekosana naye miaka mingi.

Waliokiazima kitabu walikuwa watatu tu. Wa kwanza Ngedere. Yeye alianzia ukurasa wa mwisho, akasoma kurudi nyuma, akafika wa tisini na moja, akachoka. Wa pili Kiboko, Mwenyekiti wa kamati zote mbili. Alikaa nacho siku saba, kwa ukaguzi tu. Alisema kazi za umma hazimpi nafasi ya kusoma hadithi. Wa tatu Kobe.

Kobe alisoma kurasa mbili kwa siku. Kokoto, kokoto, kama anavyotembea. Akafika ukurasa wa sitini. Bi Tabu kasimama ukingoni, chungu kichwani, mto umefurika.

Ngedere akamwita kutoka mtini. "Mzee Kobe! Nikwambie mwisho?"

"Koma! Nitafika kwa miguu yangu." Akaingiza kichwa gambani asisikie.

Siku hiyo hiyo Kanga, katibu wa kamati, akaja kukagua. Akapekua kurasa, fwa, fwa, fwa. Akapiga ukelele. "Pembe! Pembe ya ukurasa wa tisini imekunjwa!"

Kamati ikaketi.

"Mzee Kobe, kitabu kimekutwa kwako," akasema Kanga.

"Mimi naweka jani la nyasi, mama. Tena nipo wa sitini. Wa tisini nimeukunja lini?"

"Hoja hiyo itajadiliwa kikao kijacho," akasema Kiboko, haraka kidogo.

Kamati ikaazimia mambo mawili. Kobe asikiguse tena kitabu. Na kitabu kihifadhiwe katika jengo imara kuliko yote bondeni. Wakatafuta. Wakapata moja, gumu, kavu, halivuji, lina walinzi usiku na mchana. Kichuguu.

"Mchwa, mtakitunza?"

"Kama chetu," wakajibu Mchwa, wote kwa pamoja.

Kanga akaandika kwamba walinzi wameonyesha ari.

Kila asubuhi Kobe alikwenda, kokoto, kokoto, akakaa kando ya kichuguu. Ndani akasikia kre, kre, kre.

"Wanasoma," akajisemea, akaona wivu.

Kikao kijacho kikaja masika yalipokwisha. Kichuguu kikabomolewa, puu! Likatoka jalada, nyuzi mbili, na vumbi.

"Kilikuwa kitamu," wakasema Mchwa. "Hasa katikati."

Kobe akalia. Akalia kweli, mbele ya kamati. "Sasa yule mama atasimama mtoni mpaka lini?"

"Mama gani?" akauliza Kanga. Kitabu hakuwahi kukisoma, alikihesabu kurasa tu.

Kobe akamweleza. Akaanza ukurasa wa kwanza, pole pole. Udongo, moto, ugomvi wa dada wawili. Wanyama wakasogea. Wakakaa. Jua likapanda, naye anasimulia. Akafika mtoni. Akaishia.

"Mwisho ninao mimi!" akaruka Ngedere. "Chungu..."

"Ngoja wewe! Kwanza, amevukaje?"

Ngedere hajui. Kanga hajui. Mchwa, walioula ukurasa wenyewe, hawajui.

Kiboko akakohoa. Akatazama maji. Akakohoa tena.

"Alikaa ukingoni siku tatu," akasema taratibu. "Akauimbia mto. Siku ya nne akatokea kiboko. Mkubwa, mwenye adabu zake. Akamwambia, panda mgongoni, mama. Akamvusha, chungu hakikuloa. Ndio ukurasa wa tisini huo. Pazuri sana pale."

Kanga akainua kalamu. Akaishusha.

"Haya, Ngedere," akasema Kobe. "Malizia."

"Chungu kilifika na ufa mdomoni. Dada yake akakigeuza huku na huku, akacheka, akakipikia hivyo hivyo. Wakala pamoja."

Kobe akashusha pumzi. "Nimefika," akasema.

Basi wenzangu, kitabu unachokipenda usikifungie. Mpe mwingine, na umwambie wapi ulipapenda. Hata mchwa wakikila, mtakuwa nacho.

Hadithi yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe.

Faili la shauri halijafungwa mpaka leo. Kilichotokea ni hiki: Kiboko alikisoma kitabu, akakipenda, akakunja pembe.