Mabomu Matatu ya Bonde la Matete

Kaeni, ndugu zangu. Leo nawapeleka jeshini. Najua humu ndani wapo waliovaa magwanda miaka mingi, nikikosea jina la kitu nivumilieni, mtanisahihisha tukitoka nje.

Niwazieni jenerali mmoja. Waasi walipoingia milimani na kuanza kuchoma vijiji, yeye ndiye aliyeitwa. Na hakuwa jenerali wa mezani. Miezi minane alikula walichokula askari wake, akawatoa waasi kambi moja baada ya nyingine, mpaka watu wakaanza kurudi mashambani. Redio ilikwisha kutangaza kwamba mwisho wa mwezi ataapishwa kuwa Mkuu wa Majeshi. Mkewe alikuwa ameshashona nguo ya siku hiyo.

Lakini mzee huyo alikuwa na kitu moyoni. Nani hana?

Turudi nyuma miaka ishirini na sita. Wakati huo ni luteni tu, kijana, na vita vya mpakani vimekwisha. Anaambiwa: kule Bonde la Matete tulitega mabomu arobaini ardhini, nenda ukayatoe. Akaenda na koplo mmoja na askari wachache. Wakatoa moja moja, kwa magoti, jasho likiwatoka. Walipofika thelathini na saba, mvua ikashuka. Siku tatu haikukatika. Na luteni wetu alikuwa amechaguliwa kwenda kozi ng'ambo, ile kozi ambayo ukiipata umeshapanda, na lori la kumpeleka mjini lilikuwa linaondoka Jumamosi.

Jeshi lile lilikuwa na desturi nzuri. Ofisa anayesaini kwamba uwanja ni safi, hupita yeye kwanza kwa miguu yake, askari wakimtazama. Akitoka upande wa pili mzima, ndipo karatasi ile inakuwa karatasi. Luteni hakupita. Alikaa ndani ya lori, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika: yalitegwa arobaini, yametolewa arobaini. Akasaini.

Koplo alikuwa amesimama chini, analoa. Akamuuliza, "Afande, na yale matatu?"

"Yatakuwa yamesombwa na maji."

"Yamesombwa kweli, afande?"

"Koplo, nimesema yamesombwa."

Lori likaondoka.

Akawa kapteni, akawa meja, akawa kanali. Mnajua alivyoishi? Kila ramani ikifunguliwa mezani, jicho lake lilikuwa halifiki kwenye ile kona ya Bonde la Matete. Na yule koplo kila alipoletwa karibu yake, kwa bahati ambayo haikuwa bahati, alipata uhamisho. Leo ziwani, kesho kule kwenye vumbi la mpaka mwingine. Msicheke. Tunajua sana kumhamisha mtu anayetujua.

Sasa rudini milimani. Ni saa nane mchana. Waasi wamevamia mnada wa mifugo wakachukua watu sitini na mmoja, wanawake kwa wanaume, wanawaswaga kama mbuzi kuelekea mtoni. Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, na jeshi haliruhusiwi kuvuka. Jua likizama kabla hawajazuiwa, watu wale hawarudi. Askari mia mbili wamejipanga, wanakaza kamba za viatu. Ndani ya hema, maofisa wameizunguka meza, na kapteni mwenye ramani anaongea kwa furaha kabisa.

"Njia ya mkato ipo, afande. Tukipita Bonde la Matete, kwa saa mbili tuko mbele yao."

Brigedia mmoja akauliza, "Bonde lile si lilitegwa mabomu zamani?"

"Lilisafishwa, afande. Karatasi hii hapa. Arobaini yalitegwa, arobaini yalitolewa." Kapteni akaisogeza karatasi kwa jenerali, akitabasamu. "Na sahihi ni ya kwako mwenyewe, afande."

Maofisa wakacheka, kile kicheko cha watu waliopata nafuu. Kama amesaini mzee, basi.

Jenerali akaitazama sahihi yake ya ujana. Akasema, "Tuzunguke mlima."

"Kuzunguka ni saa saba, afande. Watakuwa wameshavuka."

"Ninajua."

"Basi kwa nini, afande?"

Jenerali alisema mwiteni sajini meja wa wategua mabomu, kisha akatoka nje ya hema. Pale kando ya njia palikuwa na kiatu kimoja cha mama, cha plastiki, kimekatika ukanda, kimeokotwa na askari mnadani. Akasimama anakitazama. Akinyamaza, askari mia mbili wanaingia bondeni na mabomu matatu yanawangoja kwenye matete. Akizunguka kwa kisingizio, watu sitini na mmoja wanavuka mto. Akisema kweli, anabaki uchi mbele ya watu waliokuwa wakimpigia saluti tangu asubuhi, na ile nguo ya mkewe haitavaliwa.

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Wewe uliyeingia hapa leo na Biblia yako kwapani, yale yako ya miaka ishirini umeshamwambia nani?

Jenerali aliogopa, nakwambia, mtu ambaye risasi zilikuwa hazimwinamishi. Akarudi ndani, akabaki amesimama.

"Karatasi hii ni ya uongo," akasema. "Tulitoa thelathini na saba. Matatu yaliachwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mimi nikakimbilia lori. Nimewaficha miaka ishirini na sita."

Kapteni akaweka penseli chini.

Mlangoni mwa hema alikuwa ameshafika yule sajini meja. Mtu mzima, mvi kichwani, amepiga saluti na mkono bado haujashuka. Mkono ule wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu. Safari hii jenerali hakumkwepa, alimtazama usoni. Ni yule koplo.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Hayapo."

"Nini hakipo?"

"Yale matatu, afande. Wewe uliondoka Jumamosi. Jumatatu mvua ikakatika, nikawaona akina mama wanashuka bondeni kukata matete ya kuezekea. Nikawarudisha, nikaingia peke yangu. Nikatoa la kwanza, nikatoa la pili. La tatu kiwashio chake kikanilipukia mkononi. Hospitali nikasema nimeumia mazoezini."

Jenerali akavuta kiti akakaa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja, afande. Mara nne. Kila nikifika ofisini kwako naikuta barua ya uhamisho. Ulifikiri nakuja kukudai. Mimi nilikuwa nakuja kukwambia upumzike."

Ndugu zangu, wakapita. Kwa desturi ile ile. Sajini meja alitangulia, jenerali nyuma yake akikanyaga pale pale alipokanyaga mwenzake, na askari mia mbili wakafuata. Hakuna kilicholipuka. Waasi walipofika mtoni walikuta bunduki zinawangoja, na watu sitini na mmoja walirudi nyumbani jioni ile, mama mmoja akiwa na kiatu mguu mmoja tu.

Najua kuna mjanja pale nyuma anayesema moyoni, "Mchungaji, si angenyamaza tu? Bonde lilikuwa safi, wangepita salama." Ndiyo, wangepita salama. Lakini yeye angekuwa amewatuma watu mia mbili kwenye kifo akikijua, na hata wangerudi wote wakiimba, mbele za Mungu angekuwa mwuaji wa watu mia mbili walio hai. Hapo ndipo alipoponea.

Na mtaniuliza kama ule ukuu aliupata. Hakuupata. Aliandika mwenyewe barua, akastaafu mwaka ule ule. Sitawadanganya kwamba kutubu hakuna gharama.

Lakini si hayo yanayonitesa mimi tangu nianze kuuwaza mfano huu. Kinachonitesa ni ule mkono. Miaka ishirini na sita, kila walipokutana gwarideni kabla hajahamishwa tena, sajini yule alimpigia saluti kwa mkono wa vidole viwili. Na jenerali aliirudisha saluti, akapita. Hakuuliza hata siku moja. Aliogopa bonde ambalo lilikuwa limeshasafishwa, na aliyelisafisha alikuwa amesimama mbele yake, anamwonyesha mkono.

Ndivyo tulivyo sisi. Tunamkimbia mama aliyetufichia aibu yetu, tunafikiri atatukumbusha. Tunamnunia ndugu aliyetulipia kwa mwili wake, tunafikiri anakuja kudai. Na Bwana mwenyewe, tunamtafutia uhamisho. Akae kule madhabahuni, akae Jumapili, asisogee karibu na ile kona ya ramani. Tunamwimbia, tunamwinamia, tunapita. Naye mikono yake ina makovu, ameinyoosha kwetu.

Mimi sina la kuongeza. Wewe unayekwepa bonde lako, leo usipite mlango ule kama ulivyoingia. Simama mbele za Bwana, useme yalikuwa matatu. Kisha umtazame mkono, umwulize mkono huo ulipatwa na nini.