Kiboko Aliyedai Moshi Wake

"Mpo?"

"Tupo!"

"Mnapumua?"

"Tunapumua!"

"Basi vuteni pumzi, maana pumzi ndiyo hadithi yenyewe."

Hapo kale palikuwa na mji wa wanyama uitwao Matopeni, pale mto unapogawanyika vijito kabla ya kuingia baharini. Mji uko chini, chini kabisa. Masika maji huingia ndani bila hodi, na wenyeji hupanda kuishi madunguni, vile vibanda vyao vya juu ya miguu ya miti. Hilo walilizoea. Lakini kiangazi, upepo ukilala, kitu kikitua Matopeni hakitoki. Hata moshi.

Ndiyo maana walikuwa na mwiko mmoja: asichome mtu shamba mpaka upepo wa bahari uamke.

Juu ya mto aliishi Kiboko. Mwiko? Haumhusu! Alitaka majani mabichi, na majani mabichi huchipua palipoungua. Akachoma matete leo, akachoma kesho, akachoma keshokutwa. Moshi ukateremka na mto, polepole, ukaja ukakaa. Lo! Jua la adhuhuri likawa jekundu, dogo, unalikodolea macho wala halikuumizi. Ndege wakawa wanatembea kwa miguu. Mji mzima ukanyamaza, ukabaki kukohoa tu. Koho! Koho!

Bi Nguchiro, mdogo kuliko wote pale mjini, alikuwa na mwana mchanga, Kidete. Kifua cha Kidete kikawa kinalia: fwii... fwii... fwii... Siku ya tatu mtoto akashindwa kunyonya. Mama akaogopa kweli.

Asubuhi hiyo akaona majani ya mikoko yameanza kucheza. Akajua maji yakijaa, upepo wa bahari utakuja nayo. "Utaufukuza moshi wa leo," akawaza. "Na wa kesho je?" Akapanda mto mbio kwenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Kulalamika? Nimekuja kushukuru! Utamu wote wa majani unatoka na moshi, unatushukia sisi. Huoni tulivyonenepa?" Nguchiro akatutumua manyoya, fuu! Akawa mnene ghafla.

Kiboko akakodoa macho. "Nini? Nichome mimi, mshibe nyinyi?"

"Usijali, mzee. Wewe kula majani. Ni makapi, lakini yanajaza tumbo."

"Sitaki makapi! Moshi ni wangu! Nirudishieni!"

"Wote, mzee?"

"Wote!"

"Basi simama hapa, nyuma ya moto, uelekee baharini. Panua mdomo. Usiufunge, moshi utamwagika."

Kiboko akapanua. Na mdomo ule mnaujua, jamani. Waaa!

Maji yakajaa. Mikoko ikainama. Vuuu! Moshi wa siku tatu ukainuka juu ya Matopeni kama mkeka unaokunjwa, ukarudi ulikotoka. Na nyuma yake, anga! Buluu, pana, haina mwisho! Wanyama wakasimama wakitazama juu. Walikuwa wamesahau kwamba kutoka pale bahari inaonekana.

Moshi ukaingia kinywani mwa Kiboko. Akameza.

"Mtamu, mzee?"

"Mta... mta... koho!"

"Umebaki mwingi! Panua!"

Kwa tamaa yake akapanua. Akameza tena. Kifua kikaanza: fwii... fwii... fwii... Akakimbilia mtoni, chubwi! Wimbi likaruka ukingoni, likauzima moto, tssss.

Mpaka leo Kiboko hushinda majini, ametoa pua tu. Pfuuu! Bado anautema. Na hajawasha moto tena.

Nguchiro akakimbia nyumbani. Mlangoni akasimama. Fwii haisikiki. Kimya. Akajitosa ndani. Akatega sikio kifuani mwa Kidete: kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Mtoto alikuwa amelala tu. Bi Nguchiro akaketi pale pale akalia kwa furaha.

Mafunzo, wanangu: msiwadanganye wakubwa, ni vibaya. Mkubwa akiwafukizia moshi, kohoeni kwa adabu, mwacheni afanye kazi yake. Tazameni adhabu aliyoipata Nguchiro: Kidete alikua, akawa na pumzi za kupiga kelele kutwa nzima, na mama yake hajapata utulivu tena maishani.

"Mnapumua bado?"

"Tunapumua!"

"Basi yangu imeniishia. Iliyobaki ni yenu, vuteni."