Bwawa Lililosemwa Halijambo

Hadithi hii si ndefu. Ukiisha kuisoma, usikae nayo peke yako.

Katika nchi moja yenye majimbo mengi, mfalme alipata habari kwamba mabwawa ya kumwagilia mashamba yamezeeka. Akatenga fedha katika hazina kuu, akamtuma mkaguzi wake, Bwana Faraji Kilamba, apite bonde kwa bonde na kuzitoa palepale kwa bwawa lolote atakaloliona gonjwa.

Bonde la mwisho lilikuwa Lwamadi, na jumbe wake aliitwa Mahimbo bin Sefu. Jumbe Mahimbo alilijua bwawa lake. Tangu masika yaliyopita ukuta ulikuwa ukivuja chini, na maji yaliyokuwa yakitoka maangavu sasa yalitoka na tope. Ukuta ulikuwa unaliwa kwa ndani. Chini yake, penye udongo mzuri wa mpunga, ndipo alipoolewa binti yake Zawena, naye alikuwa amejifungua juzijuzi, bado yumo ndani ya arobaini, hatoki nje. Kila wingu lilipotanda, Jumbe alikwenda kuutazama ukuta.

Mkaguzi alipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kuukandika ukuta kwa udongo mweupe, maana Lwamadi mgeni hapokewi penye nyufa. Akakaribishwa, akapewa maji, akajuliwa hali. Naye akauliza habari za watoto, za mifugo, za mpunga. Kisha akauliza, "Na bwawa, halijambo?"

"Halijambo, Bwana," akajibu Jumbe.

Usimlaumu. Huko hata mwenye homa hujibu kwanza kwamba hajambo. Mwulizaji hurudia, "Hujambo kabisa?" na hapo ndipo mgonjwa husema, "Sijambo, ila..." Jumbe akangoja aulizwe tena, lile neno "ila" li tayari mdomoni. Lakini Bwana Faraji alilelewa mji mkuu, ambako watu huuliza mara moja. Akautazama ukuta kwa mbali, akausifu weupe wake, akala wali, akaaga.

Jumbe akamsindikiza hadi njia panda bila kuthubutu kulitaja bwawa. Angejikanushaje mbele ya wazee wenzake? Aliporudi alipitia bwawani. Ule udongo mweupe ulikuwa umefura kama shavu la mwenye jino bovu. Akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa ukitetemeka. Kutoka nyumba ya chini akamsikia mjukuu wake akilia, na Zawena akimbembeleza.

Akatupa bakora, akaikunja kanzu, akakimbia. Wazee aliowapita walimcheka. "Kulikoni, Jumbe? Mgeni kaondoka na kijiko?"

Akamkuta mkaguzi mtoni, akimnywesha nyumbu wake wa kupanda.

"Bwana, bwawa linakufa. Binti yangu analala chini yake."

"Nilikuuliza, ukasema halijambo."

"Nilikuwa naitikia salamu, Bwana. Swali nilikuwa nalingoja."

Bwana Faraji hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe, uso ukampauka kama majivu. Kwa sauti ndogo akaeleza kwamba amepita majimbo yote, na kila bonde lilimjibu neno hilohilo. Alikuwa akirudi kwa mfalme na fedha zote, hazijaguswa, akidhani anapeleka habari njema.

Hapo hofu ikawa ya watu wawili.

Siku ileile Zawena alitolewa na mwanawe, arobaini haijaisha, na majirani zake wote wakahamishiwa mlimani. Maji ya bwawa yakatolewa kidogokidogo kwa mfereji, fedha zikatolewa, ukuta ukaanza kujengwa upya. Bwana Faraji hakungoja kuuona. Alimgeuza nyumbu, akarudi mabondeni, safari hii akiuliza mara mbili.

Aliwahi kote, isipokuwa bonde la Chikwembe. Walionusurika walimwambia kwamba jumbe wao, Lugano bin Mtitu, naye alitaka kumfuata siku ile alipopita mara ya kwanza, akaona haya kumrudisha mgeni aliyekwisha kuaga. Bwana Faraji akawauliza mji ulikuwa upande gani. Wakamwonyesha mchanga, tangu mlima hadi mlima.

Funzo: Salamu iitikie kwa adabu, lakini ugonjwa utaje kwa jina lake mbele ya mwenye dawa, hata kama hakukuuliza, maana aibu ya kusema hupita, na maji hayamstahi mwenye haya.