Kikapu cha Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na masufuria kama sisi, aliishi Mama Pimbi. Alikuwa mdogo, angeweza kulala ndani ya kofia ya baba yenu. Yeye na watoto wake wanne walikaa mlimani, chini ya mti mmoja wa mgunga.

Jirani yake alikuwa Mzee Nyati. Huyo naye kwa kupenda moto, hajapata kutokea! Kuchemsha chai tu, anakata mti mzima. Alikata, akakata, mpaka mlima ukawa kipara. Ukabaki ule mgunga peke yake.

Asubuhi moja akaja na shoka. Mama Pimbi akamkimbilia. Bila matawi yale, tai angewanyakua wanawe mmoja mmoja.

"Mzee wangu," akasema, "tushindane kupika maharage. Mimi natumia vijiti vitatu tu. Yakiiva kufikia jioni, mti unabaki. Yasipoiva, ukate, nami nihame."

Mzee Nyati alicheka mpaka pembe zikagongana na mti. Akakubali palepale.

Kesho yake wakawasha mioto. Nyati alirundika magogo, moto ukanguruma vuu! vuu! Sufuria aliiacha wazi, maana alipenda kuyaona maharage yakirukaruka. Mvuke wote ukapaa juu.

Mama Pimbi alikuwa ameyaloweka maharage yake tangu jana. Akafunika chungu kwa kifuniko kizito, akavipanga vijiti vyake. Tok, tok, tok, chungu kikatokota. Kikatokota kidogo tu, vijiti vikaisha. Pff! Moto ukazimika.

"Umekwisha, mama," akasema Nyati. "Anza kufunga mizigo."

Mama Pimbi akainamisha kichwa kama aliyekata tamaa. "Basi niache nikilaze chungu changu kikapuni, nisikione tena mpaka jioni. Nawe kaa hapahapa unilinde, usije ukasema nimewasha moto mwingine."

Nyati akaona hilo ni jambo rahisi mno. Akaketi, akakodoa macho. Mama Pimbi akakizamisha chungu ndani ya kikapu kilichojaa nyasi kavu na pamba, akakishindilia pande zote, akafunika kwa blanketi. Nyati alimcheka, eti anabembeleza chungu kama mtoto mchanga.

Jua likapanda, jua likashuka. Kwa kuwa Nyati alikuwa mlinzi, kuni zilitafutwa na mkewe. Maskini Mama Nyati alikwenda mbali, ng'ambo ya mlima, na kurudi, jasho linamtiririka, kila mara anaambiwa hazitoshi. Maji ya sufuria yakakauka. Maharage yakaungua chini, juu yakabaki magumu kama kokoto.

Jioni Mama Nyati akafunua kikapu. Fuu! Mvuke ukampiga usoni. Akachukua harage moja, akalibonyeza, likapondeka.

"Yameiva," akasema, na akala kijiko kizima.

Nyati akaruka juu akidai huo ni uchawi. Mkewe akamuuliza kama aliona moto mwingine ukiwashwa. Nyati alilinda kutwa nzima, shahidi ni yeye mwenyewe.

"Moto ni uleule wa vijiti vitatu," Mama Pimbi akamwambia, huku furaha inamrusharusha. "Joto ni nishati, mzee. La kwako uliliacha likapaa angani. La kwangu nililifungia ndani, likaendelea kupika."

Mama Nyati akalitwaa shoka, akalitia begani mwake.

"Hili naondoka nalo mimi," akamwambia mumewe. "Na wewe kesho utanisukia kikapu."

Watoto wanne wa Mama Pimbi wakapanda mgungani wakipiga kelele za shangwe mpaka matawi yakatikisika.

Nami nawaambia, wanangu: nguvu si kuwa na moto mkubwa, nguvu ni kuutunza ule mdogo ulio nao.