Bibi Harusi na Mashine ya Mwanga

Wapendwa, alikuwapo binti mmoja aliyebakiza siku chache tu afanyiwe sendofu, sherehe ya kuagwa kwao, na mashavu yake yalikuwa na madoa meusi. Akaenda kwa daktari wa ngozi, mwanamke aliyekuwa na mashine ya mwanga mkali, ule unaomulika na kuzimika papo hapo, na doa huanza kufifia.

"Dada, nisaidie. Jumamosi macho yote yatakuwa kwangu."

"Nitakusaidia, mdogo wangu. Ila niambie kwanza: unapaka mkorogo? Ngozi yetu hii nyeusi hunywa mwanga kwa pupa. Ikiwa imechubuliwa na mkorogo, mwanga unaiunguza, na kovu lake ni baya kuliko doa."

"Mimi? Mkorogo? Hata harufu yake siijui!"

"Haya, basi tujaribu padogo nyuma ya sikio, tusubiri tuone."

"Kusubiri tena! Sina muda, dada. Anza tu."

Daktari akanyamaza. Akamlaza, akampaka jeli ya baridi, akamvika miwani ya kuziba macho. Giza. Mahali fulani karibu na kichwa chake kitu kikaanza kuvuma.

Je, mmewahi kulala hivyo, mkijua jambo ambalo aliyewainamia hajaambiwa? Nikisema, binti aliwaza, ninarudi nyumbani na madoa yangu. Nisiposema, je? Akamwona mama yake, akawaona mashangazi, akamwona mchumba wake, wote wanautazama uso ulioungua. Kitu kikamgusa shavuni.

"Subiri! Napaka! Hata jana nimepaka!"

Akavuliwa miwani. Kilichomgusa kilikuwa kidole cha daktari. Kilichovuma kilikuwa feni. Mashine ilikuwa kimya pembeni, haijawashwa.

"Nisingekumulika kamwe," daktari akasema. "Vifundo vya vidole vyako viliniambia tangu uliponipa mkono. Uso mkorogo unaung'arisha, vifundo vinabaki vyeusi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungekataa tena, halafu ukaenda kwa mwingine asiyeuliza."

Akaambiwa aache mkorogo, arudi ngozi ikishapona. Jumamosi akasimama mbele ya watu na madoa yake yote.

Simcheki binti yule. Nani kati yetu hataki kung'aa siku yake? Lakini sisi, tunapomwomba Mungu atumulike, na aharakishe, tumempa jibu gani alipotuuliza tumejipaka nini? Tunalalamika kwamba yuko kimya. Na kama kimya chake ni huruma? Kama ameizuia nuru yake isituunguze, akisubiri neno moja litoke kinywani mwetu wenyewe?

Yeye alijua tangu tulipoingia mlangoni.

Sasa tunakwenda kuomba. Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujafumba macho, itazame kwanza mikono yako.