Tembo Aliyepigwa kwa Sumaku

Sogeeni, tusikilizane. Hii ni habari ya siku ambayo bado haijafika, kwa hiyo mtu asiniulize nilikuwa nimesimama wapi ilipotokea.

Kando ya ziwa la magadi, ndani ya hifadhi ya wanyama, mahali ambapo ardhi ni nyeupe na ukungu wa asubuhi ni mweupe vilevile, hata mtu akitembea huhisi anakanyaga mawingu, waliishi watu watatu wenye vipaji. Nashipae alikuwa fundi wa kusuka mota za pampu; vidole vyake vilihesabu mizunguko ya waya huku macho ameyafumba. Kaanaeli alikuwa fundi umeme, na alijua kupima muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wa tatu, Tluway, daktari wa wanyama, alijua kutulia. Akisimama, ndege wa ziwani, heroe, walimpita kama wanavyopita gogo kavu.

Siku hizo palikuwa na tembo jike mwenye ndama. Waya wa mtego ulikuwa umemzama mguuni, na kila asubuhi alipotokeza kwenye ukungu mguu ulikuwa umevimba zaidi ya jana. Dawa ya kumlaza ilikuwapo, kichupa kimoja tu. Tabu ilikuwa kumfikishia. Mama yake aliuawa kwa risasi yeye akiwa mdogo, akitazama. Tangu hapo mlio wowote, hata mfyatuko wa bunduki ya gesi inayorusha mishale ya dawa, ulimfanya akimbilie ziwani, juu ya ganda la magadi. Chini ya ganda lile kuna tope linaloweza kummeza ndama mzima.

"Nataka bunduki isiyolia," Tluway aliwaambia wenzake.

Kaanaeli akacheka. "Zile za kwenye sinema? Zinatoa mwanga wa buluu, nyepesi kama manyoya, hazimsukumi mtu? Ya kweli haitakuwa hivyo, daktari."

"Itakuwaje?"

"Nzito. Ya moto. Itarusha mshale mmoja, halafu tungoje ipoe."

"Mmoja unanitosha."

Nashipae alianza. Alichukua bomba la plastiki ngumu akalizungushia waya wa shaba mahali patatu, mizunguko mia kwa mia, kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake bila nafasi ya unywele kupita. Umeme ukipita humo, waya unageuka sumaku, na sumaku inauvuta mshale wenye pete ya chuma. Koili za kwanza, yaani misuko ile ya waya, ziliungua. Karakana ikajaa moshi wenye harufu ya sukari iliyoungua. Akazifumua zote akasuka upya, akiimba polepole ili asipoteze hesabu. Siku ya tisa vidole vilikuwa vimechanika. "Sasa zitavumilia," alisema. "Kwa umeme kidogo, mjaribu mtakavyo; kwa umeme wote, mara moja. Ya pili sikuahidi, kaka Kaanaeli."

Kaanaeli alikusanya kapasita kutoka mitambo chakavu ya sola, akazipanga kwenye sanduku zito kama mtoto wa miaka sita. Kapasita hunywa umeme taratibu na kuutapika wote kwa mkupuo mmoja. Lakini sumaku haina akili. Inakivuta chuma mpaka katikati ya koili, na umeme usipokatwa papo hapo, inakirudisha kilikotoka. Jaribio la kwanza mshale ulichungulia mdomoni mwa bomba, ukaanguka miguuni pake. Jaribio la pili ulivutwa kwa nguvu mno, kichupa cha maji walichokuwa wakijaribia kikapasuka. Basi akatega miali midogo ya mwanga ndani ya bomba: mshale ukiukata mwali, koili hii inazima, inayofuata inawaka. Alirekebisha muda wa kila koili mpaka mshale ukatoka mzima, na sauti iliyosikika ilikuwa "tik", kama mtu anayebonyeza swichi ya taa chumba cha pili.

Tluway akaingia kwenye ukungu. Mshale ule haukuwa na mwendo wa risasi, hivyo ilimlazimu kufika hatua arobaini kutoka kwa tembo, sanduku mgongoni, bunduki mikononi. Alisimama. Jua likapanda kidogo. Ndama akaja kumnusa goti, akaondoka. Mikono ilimwaka kwa uzito, lakini hakuishusha. Alijua pia jambo moja ambalo wengi hulisahau: hata bila baruti, mshale ukienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Akaegemeza mwili wake mbele kidogo tu, kiasi cha kusubiri msukumo ule. Akatoa pumzi.

Tik.

Tembo alitikisa sikio, kama aliyeguswa na nzi. Dakika chache zikapita, akapiga hatua sita, saba, akapiga magoti, akalala. Moshi mwembamba ulikuwa bado ukipanda kutoka kwenye koili; zilikuwa zimeyeyuka zote tatu. Wenzake waliokuwa wakingoja nyuma wakaja, wakamkimbilia tembo pamoja. Wakaukata waya, wakaosha kidonda, Tluway akamchoma sindano ya kumwamsha. Tembo akainuka, akamgusa ndama kwa mkonga, wakaenda zao.

Sasa sikilizeni. Hifadhi ile ilikuwa na desturi: anayemwokoa mnyama ndiye anayempa jina. Jina ni moja, huandikwa kitabuni, na askari hulitaja kila wanapohesabu wanyama, kwa miaka hata sitini. Bi Foibe, mkuu wa hifadhi, akafungua kitabu.

"Haya, nani?"

"Aitwe Sanaipei," Nashipae alisema. "Ni jina la binti yangu aliyezaliwa kabla ya siku zake, hakuishi. Jina alikuwa nalo, Bi Foibe, lakini hakuna aliyewahi kumwita. Bila koili zangu, lile lilikuwa bomba la maji tu."

"Mimi nataka aitwe Kaanaeli, jina langu," fundi umeme alisema.

"Tembo jike?" Bi Foibe aliuliza.

"Jike, ndiyo. Sina mtoto, na mimi ndiye wa mwisho kwetu. Bila muda wangu, mshale ungerudi ulikotoka."

Zamu ya Tluway ikafika. "Mama wa tembo huyu aliitwa Marumaru," akasema. "Siku ile ya risasi niliitwa nimtibu, nikachelewa. Nataka jina lake lirudi huku. Nao walitengeneza vizuri, siwezi kukataa. Ila mimi ndiye niliyesimama pale."

Bi Foibe alichovya kalamu, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Ukurasa ulikuwa na mstari mmoja mtupu, na wino ulianza kukauka kwenye ncha.

Nanyi mlionisikiliza, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina gani?